Fomu Aliyonijazia Eddo Osob

Wasee, mimi nimewahi kuona lita mia nne na ishirini za maziwa zikikosa mwenyewe.

Na wenyewe wote walikuwa papo hapo. Wanawake kumi na wanne, wamesimama mikono kiunoni, hakuna anayegusa.

Saa tatu asubuhi. Garissa. Jua limeshaingia kazini, na jua la Garissa halichelewi wala halichukui likizo.

Aliyesababisha hayo yote ni mimi hapa, kijana wao mwenyewe, mwenye digrii.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana ukiisikia hii hadithi kwa watu wa soko utaletewa ya kutiwa chumvi, na yenyewe haihitaji chumvi.

Naitwa Kulow. Mzaliwa wa Bula Iftin, Garissa. Mwaka juzi nilipata kazi Nairobi kwenye mojawapo ya zile kampuni kubwa za ushauri. Jina kapuni, bado nataka kula.

Kama hujui kampuni ya ushauri inafanya nini, usijali. Hata babangu hajui. Akiulizwa kijana wako anafanya kazi gani, anasema, "Anashauri."

Anashauri nani?

"Watu wakubwa."

Wana shida gani hao watu wakubwa? Hapo mzee anabadilisha mada, anauliza kama mvua imenyesha Hulugho.

Sitawadanganya, kazi ilikuwa tamu. Ghorofa ya kumi na moja, chai na kahawa bure, AC ya kukuvalisha sweta mwezi wa pili. Bima ya matibabu ilimnunulia mamangu miwani na ikamtengenezea babangu meno ya chini. Unapanda ndege na tiketi kalipa mtu mwingine. Na wale niliofanya nao kazi, wallahi, walikuwa vichwa. Miezi miwili tu nilijifunza mambo ambayo chuo kilinificha miaka minne.

Lakini sasa.

Wanakulisha vizuri kwa sababu hutoki. Jumamosi ni siku ya kazi. Jumapili ni siku ya kazi ambayo mnajifanya si ya kazi. Harusi ya dadangu niliihudhuria kwa simu, huku natoa slaidi kwenye buluu naipeleka kwenye buluu nyingine, kwa sababu mteja hakuipenda buluu ya kwanza. Nikanenepa tumbo peke yake, miguu ikabaki ile ile.

Na kuna jambo ambalo siku ya mahojiano hakuna anayekuambia. Una miaka ishirini na tano, unatumwa ukamfundishe kazi mtu aliyeifanya miaka thelathini. Na unaenda! Unaenda na unaongea kwa sauti nzito.

Tuliajiriwa wanane, kipindi cha majaribio miezi sita. Baada ya hapo, kuna wanaothibitishwa na kuna wanaoambiwa asante. Kufikia mwezi wa tatu, wawili walikuwa wameshaambiwa asante, na mmoja wao alikuwa mkali kunishinda mimi.

Kwa hiyo duniani nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: barua ya kuthibitishwa kazini. Nyumbani walikuwa wameshatangaza mtaa mzima kwamba Kulow ni mkubwa Nairobi. Ukirudi Garissa umefukuzwa kazi, hata mbuzi wanakutazama kwa huruma.

Ndipo ikaingia kazi ya Garissa yenyewe.

Shirika moja la misaada lilitaka kuboresha biashara ya maziwa ya ngamia, ile ya akina mama wa sokoni. Bosi wangu, Najib, akaniita. Najib ni mtu wa Mombasa, Kiswahili kimenyooka, viatu havijawahi kuonja vumbi.

"Kulow, wewe si mwenyeji wa huko?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi kazi hii yako. Ukiifanya vyema, habari ya barua usiwe na shaka nayo. Ukiiharibu..." Hakumaliza. Akatabasamu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Ambalo hakulijua, na mimi sikumwambia, ni kwamba mwenyekiti wa wale akina mama ni shangazi yangu.

Eddo Osob. Kwetu shangazi ni eddo, na yeye naye anakuita wewe eddo, ndivyo tunavyoitana. Ni dada wa babangu, na ameuza maziwa tangu kabla sijazaliwa. Karo yangu ya sekondari, godoro la bweni, sare, mpaka kalamu, vyote vilitoka kwenye maziwa yake.

Mbona sikumtaja? Niliona aibu, basi. Wenzangu ofisini mashangazi zao ni mahakimu. Hapo nilikosa, nakubali, tusonge.

Nikatua Garissa na tableti yenye maswali sabini na mawili.

Biashara yenyewe inaenda hivi. Alfajiri ngamia wanakamuliwa huko malishoni, upande wa Hulugho na Masalani. Maziwa yanatiwa kwenye jerikeni za manjano, zile za mafuta ya kupikia, yanapandishwa juu ya gari mpaka Garissa. Kila mama ana wafugaji wake. Anapokea maziwa yake, mengine anauza hapo, mengine anapakia kwenye basi yaende kwa wateja wake Nairobi. Jioni anaosha jerikeni tupu, anazifukiza ndani kwa moshi wa kijiti chenye moto ili maziwa yasichache upesi, halafu zinarudi malishoni.

Sasa hizo jerikeni, usiombe. Zimekuwa nyeusi kwa moshi, na kila moja imefungwa tambara shingoni. Tambara jekundu, tambara la maua, kipande cha chandarua, kipande cha dera la mtu. Nimekulia kwenye nyumba yenye matambara hayo, na miaka ishirini na tano nilidhani ni ya kuzuia maziwa yasimwagike.

Usinicheke. Kwetu mvulana hasogei karibu na maziwa ya kuuza, hiyo ni kazi ya wanawake. Ukisogea unafukuzwa. Ukisogea tena unaulizwa kama tukutafutie mume. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kunywa tu.

Swali la kumi na tisa liliuliza hivi: magari yakifika, mnatambuaje maziwa ya nani ni ya nani?

Nikaanza na Arbia, mama mcheshi anayeuza karibu na lango. Tunaongea Kisomali, nawatafsiria.

"Tunajua," akasema.

"Mnajuaje?"

"Tunajua tu."

Nikaenda kwa Kaaha. Yeye akaniuliza, "Kwani wewe ukitoka msikitini unajuaje viatu vyako?" Akaendelea kumimina maziwa.

Mwisho nikamfikia Eddo Osob, kwenye kigoda chake.

"Eddo, mnatambuaje?"

"Tunajua. Andika hivyo, tunajua."

"Eddo, fomu haina mahali pa 'tunajua'. Ina risiti, ina namba, ina daftari, na ina hakuna."

"Basi keti hapa siku tatu, uone mwenyewe."

Siku tatu! Na ripoti inatakiwa Alhamisi! Nikaangalia saa, nikaangalia tableti, nikabonyeza.

Hakuna mfumo.

Nairobi nikatengeneza slaidi za kufa mtu. Ya kwanza imeandikwa "Leo": jerikeni nyeusi na matambara yake. Ya pili imeandikwa "Kesho": mikebe ya alumini, yote sawa, inang'aa, kila mmoja una kibandiko chenye namba. Mteja akapiga makofi. Najib akanipiga bega. Mikebe arobaini na miwili ikanunuliwa ya kujaribia, mitatu kwa kila mama, ikapangwa na siku ya uzinduzi yenye wageni kutoka Nairobi.

Haya. Turudi pale juani.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, akina mama walipokea mikebe kwa adabu, wakashukuru, wakaenda nayo nyumbani. Huko wakafanya wanachokifanya kwa chombo chochote kipya. Wakaisugua nje na ndani kwa mchanga na majivu, wakaifukiza kwa moto.

Kibandiko gani kinavumilia hayo? Kilichopona mchanga kiliachia gundi kwenye joto. Mikebe ikaenda malishoni uchi, hata tambara hakuna kwa sababu niliwaambia namba zinatosha, arobaini na miwili, mama yao mmoja baba yao mmoja.

Asubuhi ya uzinduzi ikarudi imejaa. Ikashushwa kwenye gari. Ikapangwa mstari.

"Yangu ni ipi?" akauliza Ruqiya, mdogo wao kwa umri.

Wenzake nao walikuwa wanajiuliza hilo hilo.

Nikasema, tena kwa moyo mweupe kabisa, "Akina mama, maziwa ni maziwa. Kila mtu achukue mikebe mitatu, hesabu ni ile ile."

Ehe! Nilivyotazamwa!

"Nichukue ya mtu?" Kaaha akasema. "Niuze haki ya mwenzangu, halafu nikawalishe watoto haramu?"

"Na nikibeba yaliyoanza kuchacha?" Arbia akadakia. "Wateja wangu wa Nairobi waseme Arbia amekuwa tapeli uzeeni?"

"Basi fungueni mifuniko muangalie."

"Nifungue chombo cha mwanamke mwingine bila ruhusa yake? Wewe ulilelewa wapi?"

Wote wakamgeukia Eddo Osob, maana wanajua nililelewa wapi.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mkono shavuni, ananitazama.

Saa tatu na nusu. Basi la Nairobi linaondoka saa nne. Wageni wanafika saa nne. Jua linapanda, na maziwa yameanza kupata joto ndani ya ile alumini yangu inayong'aa. Najib akaja akitembea upesi, vumbi limempata siku hiyo.

"Kulow, nini hii?"

Arbia akamjibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake kisicho na herufi p. "Wewe mkubwa, bole bole. Maziwa hii bado haina mwenyewe."

Najib akanivuta pembeni. "Wageni wako darajani, dakika thelathini hawamalizi. Litengeneze hili sasa hivi. Wakikuta hivi, barua uisahau, tena uisahau kabisa."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nikaenda kwa Eddo, nikachuchumaa mbele yake, suruali ya ofisi ikapasuka mahali ambapo sitapataja.

"Eddo, nisaidie."

"Nikusaidie nini, eddo? Si uliandika hatuna kitu tunachojua."

"Nani amekuambia?"

"Ayan wa lile shirika alitusomea ripoti yako yote. Alisoma kwa haya, maskini, lakini alisoma."

Ayan ni msichana wa hapo hapo Garissa, ndiye anayesimamia mradi upande wa mteja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nisamehe, Eddo."

"Sitaki nisamehe yako. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali lako. Safari hii ngoja jibu."

Jasho linanitiririka, saa inakimbia, na mimi nimechuchumaa nashika suruali kwa nyuma. Nikamwuliza. "Eddo, mnatambuaje maziwa ya nani ni ya nani?"

Naye akaeleza, taratibu, bila haraka ya basi wala ya mgeni. Tambara ni la mama, fundo ni la mfugaji. Tambara la maua lenye fundo moja ni maziwa ya Arbia kutoka kwa mfugaji fulani. Mafundo mawili, mfugaji mwingine. Fundo likiwa limelegezwa, hayo ni ya jana, usiyachanganye. Yote yamo shingoni mwa jerikeni, na dereva asiyejua kusoma anayasoma kutoka juu ya gari.

"Na tambara likipotea?"

"Tunanusa. Kila mmoja ana moshi wake."

Miaka thelathini ya kazi, na mimi nimeifuta kwa kidole kimoja.

Eddo akasimama, akapiga makofi mara mbili. "Wanawake! Kila mmoja amsamehe mwenzake kufungua chombo chake. Semeni nisikie."

"Nimesamehe," akasema Arbia.

"Nimesamehe," akasema Kaaha.

Ikazunguka hivyo mpaka sauti kumi na nne. Mifuniko ikafunguka. Weee, mngeona! Akina mama wameinama, pua ndani ya mikebe, wananusa na kubishana.

"Huu wa Arbia, anafukiza na ule mti mchungu wa kando ya mto."

"Huu wa Kaaha. Anaweka na ubani juu yake, kwa kujidai."

"Sijidai, wateja wangu ni watu wa maana!"

Ruqiya alikuwa na mafua, hanusi kitu, anazunguka karibu kulia. Kaaha aliyekuwa akimcheka akaacha yake, akamnusia mitatu yote mpaka ikapatikana.

Dakika kumi na mbili. Kila mkebe umepata mwenyewe. Ila ilibaki safari ya basi, na kwenye basi hakuna wa kunusa. Zikachanwa shela za zamani, zikachanwa leso. Eddo hakuwa na kitambaa. Akanyoosha mkono, akanifungua tai shingoni, ya shilingi elfu mbili, akachana vipande vitatu kwa meno, akafunga kwenye mikebe yake.

Hapo hapo magari ya wageni yakaingia.

Ayan alishuka mbele, nyuma yake wakubwa watatu wa Nairobi wenye miwani ya jua. Wakaona mikebe inayong'aa yenye matambara ya kila rangi, akina mama wanafunga mafundo, wapakiaji wanapandisha bila kuuliza. Wakapenda. Wakapiga picha.

"Huu utaratibu ni mzuri sana," akasema mkubwa mmoja. "Nani ameubuni?"

Najib hakupepesa jicho. "Ni matunda ya utafiti wetu, mheshimiwa. Vibandiko vilipoonyesha changamoto, timu ikajirekebisha papo hapo. Kulow huyu ndiye aliyeongoza."

Wageni wakanitazama. Ayan akanitazama. Eddo Osob, mkebe mkononi, akanitazama.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno mawili tu: ni wao.

Nikasema, "Asanteni sana."

Eddo akageuka, akabeba mkebe wake mpaka kwenye basi. Hakunitazama tena siku ile. Nilijiambia amechoka.

Wiki mbili baadaye, Nairobi, Najib akaniita ofisini kwake. Uso umechangamka.

"Imebaki hatua moja. Mteja anataka mwenyekiti wa akina mama ajaze fomu ya kukutathmini. Wanasema ni sauti ya mnufaika. Ayan kampelekea. Fomu ikija nzuri, barua yako naitia sahihi Ijumaa."

Nilitoka nje kwenye korido nikacheza. Wallahi nilicheza, mlinzi wa ghorofa ni shahidi. Shangazi yangu mwenyewe! Damu yangu! Hii sasa si imekwisha?

Nikampigia. "Eddo, utaletewa fomu."

"Imeshafika. Huko kwenu ni nani anayesoma Kisomali?"

"Ni mimi peke yangu, Eddo."

"Haya," akasema, akakata simu. Eddo hapendi kumaliza salio kwa maneno.

Jumatano baada ya chakula cha mchana ikaingia barua pepe kutoka kwa watu wa ajira. Fomu moja ya kukutathmini imejazwa kwa Kisomali. Ofisini wewe ndiye pekee unayekijua. Tafadhali itafsiri uturudishie leo.

Nikaifungua nikitabasamu, sambusa mkononi.

Je, mtaalamu aliisikiliza jamii? Eddo alikuwa ameandika: "Aliandika sana. Kusikiliza ni kazi nyingine."

Ni sifa gani nzuri ulizoziona kwake? "Ana adabu. Halali hovyo. Chakula anamaliza."

Je, unapendekeza athibitishwe kazini?

"Hapana. Wageni walipouliza ni nani aliyebuni, alijua na akanyamaza. Leo amenyamazia maziwa. Akikua atanyamazia nini? Mimi ni shangazi yake, nimemlea na ninampenda, hilo nalo liandikwe."

Nikairudisha sambusa kwenye sahani.

Kwanza nilikasirika. Nilikasirika vibaya sana, jamani. Mtu akulipie karo miaka minne kisha akuchinje kwenye ukurasa mmoja? Nikatamani nimpigie nimwambie maneno. Halafu hasira ikashuka, akili ikaingia. Akili mbaya.

Ni nani hapa anayejua Kisomali?

Nikaandika tafsiri yangu. Pale kwenye swali la mwisho nikaandika, "Ndiyo." Ikapendeza. Nikaongeza, "kwa moyo mmoja." Ikazidi kupendeza.

Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Mwenzangu akapita akaniuliza kama naumwa, nikasema ni sambusa.

Sijui nilikaa vile muda gani, kidole juu ya kitufe. Nikaanza kusikia tena lile swali lake kwenye simu. Huko kwenu ni nani anayesoma Kisomali? Eddo anajua Kiswahili. Anakivunjavunja, lakini anakijua, na Ayan angeweza kumwandikia. Alichagua Kisomali. Aliuliza kwanza, akajibiwa, ndipo akaandika. Alijua kabisa hii karatasi itatua mikononi mwa nani, na kwamba nitakuwa peke yangu nayo.

Mimi nililia kidogo. Mtu asijifanye hapa kwamba yeye hangelia.

Nikaandika: "Hapana." Nikatafsiri yote, neno kwa neno, mpaka habari ya chakula. Mwisho nikaweka na mstari wangu: huyu ni shangazi yangu, nilipaswa kuwaambia tangu siku ya kwanza, na utaratibu wa matambara ni wao, sisi hatukubuni kitu. Nikatuma saa kumi na nusu. Kisha nikaanza kufungasha. Kikombe, chaja, ile sweta.

Ijumaa Najib akaniita. Mezani kuna karatasi mbili.

"Hii ni tafsiri yako," akasema. "Na hii ni tafsiri ya Ayan. Aliifanya kabla ya kututumia fomu. Imekaa hapa kwangu tangu Jumanne."

Nikazisogeza karibu, nikazilinganisha.

"Mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo. Tulitaka kuiona yako. Ungeandika ndiyo, saa hizi ungekuwa unakata tiketi ya Garissa." Akasukuma bahasha. "Barua yako. Nimetia sahihi."

"Lakini yeye amesema hapana."

"Amesema hapana. Sisi tumesema ndiyo. Washauri waongo hapa tunao wa kutosha, mimi mwenyewe pale sokoni nilikuwa mmojawapo."

Nikaishika ile bahasha. Damu ya wauza mifugo iliniamka. "Bosi, majina ya wale akina mama kumi na wanne yaingie kwenye ripoti. Ukurasa wa kwanza."

"Ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani."

"Wa kwanza."

"Wa tatu."

"Wa pili, na neno 'tumebuni' litoke."

Najib akanitazama, akacheka, akanipa mkono. Majina yapo ukurasa wa pili, Osob wa kwanza. Nendeni mkaangalie.

Nikashuka ngazi za ghorofa zote kumi na moja mbio, lifti niliiona inachelewa. Nikampigia pale pale mlangoni.

"Eddo! Nimepata barua! Nimethibitishwa!"

Nikasikia soko nyuma yake.

"Fomu yangu hawakuipata?"

"Waliipata. Nimewatafsiria mwenyewe, Eddo. Sikubadilisha neno hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Sauti yake ikalegea. "Mashallah, eddo. Mashallah." Kisha akakumbuka. "Ngoja. Mimi si niliandika hapana?"

"Uliandika."

"Na wameisoma?"

"Wameisoma mara mbili."

"Na bado wamekupa kazi?"

"Wamenipa."

Eddo Osob akapaza sauti. "Subhanallah! Na mimi nilidhani ni wewe peke yako usiyesikia. Kumbe jumba zima!"

Nikasikia anawageukia wenzake anawahadithia, na soko zima la maziwa likaangua kicheko, mpaka Ruqiya mwenye mafua.

Funzo ninalo, na silitozi kitu. Kampuni kubwa ikikuita, nenda. Tibu wazazi kwa ile bima, panda ndege, jifunze kwa wale vichwa. Ila kabla hujamshauri mtu kazi yake, kaa naye mpaka akuchoke.

Na shangazi yako usimfiche ofisini. Siku moja ofisi itampa kalamu.